Kiwavi wa Mikato Miwili

Zeneida hakuwa mwongo. Muulize yeyote aliyefanya naye kazi kwenye ile stesheni ya msituni, chini ya volkano, atakwambia kwamba mama huyo akizidisha sukari kwenye kahawa yako atakuja mwenyewe kukuomba radhi. Uongo wake maishani ulikuwa wa namna moja tu. Aliufanya kwa kifutio cha penseli, kila Ijumaa mchana, kwa miaka mitatu mfululizo, na aliufanya kwa ajili ya mwanamume aliyempenda.

Yeye na mumewe Evelio walikuwa watu wa viwavi. Walianza kazi hiyo wangali vijana, Zeneida akitokea jikoni kwenye shamba la ng'ombe na Evelio akitokea kuchunga ng'ombe wa shamba hilohilo, na wote wawili elimu yao iliishia darasa la sita. Wageni wenye digrii zao walipofika kutoka mji mkuu, San José, waliwadhania wafagiaji. Wakishatembea na Evelio nusu saa msituni, walifunga midomo na kutoa kalamu.

Evelio aliingia msituni alfajiri na kurudi na viwavi, kila mmoja ndani ya mfuko wake wa plastiki pamoja na majani aliyokuwa akiyala. Zeneida aliwalea. Mifuko ilining'inia bandani kwenye kamba kama nguo zilizoanikwa, naye alipita akibadilisha majani, akikung'uta mavi, akingoja. Kiwavi akishageuka kipepeo hupewa namba, hung'olewa mguu mmoja kwa kibano, na mguu huo hutiwa kwenye sahani yenye vishimo tisini na tano inayosafirishwa hadi Kanada. Huko husomwa vinasaba, herufi mia sita na zaidi, wanaziita msimbopau, kwa kuwa zinamtambulisha mdudu kama ile mistari myeusi inavyoitambulisha sabuni dukani. Vipepeo waliofanana kama pacha kwa macho ya kila mtu wamewahi kurudi kutoka huko wakiwa hawana hata ujamaa. Majibu huchukua miezi, na vishimo havitoshi, kwa hiyo miguu ya aina inayojulikana haipelekwi ovyo. Vipepeo wa aina hiyo hufunguliwa tu mlangoni wakaenda zao.

Sasa, Evelio alikuwa mtoto wa mshona nguo. Mama yake alishonea nusu ya kijiji kwa cherehani ya miguu, na mtoto alikua chini ya meza, akichezea vitambaa. Ndiyo maana yeye hakuanza kwa kumtazama kiwavi rangi, kama wenzake. Alitazama ushonaji. Wapo viwavi wanaokata ukingo wa jani, wakalikunja na kulishona kwa uzi wao kuwa kijumba, na kwenye mti wa guaba walikuwa wengi wa namna hiyo.

"Bibi," alimwambia Zeneida siku moja akining'iniza mifuko, "kwenye guaba kuna mafundi wawili."

"Fundi ni mmoja. Tunamlea tangu hatujapata mvi."

"Mmoja anakata mara moja, anakunja, basi. Huyu mwingine anakata mara mbili, anakunja kama bahasha. Tazama pindo hili! Mama angempa kazi."

"Ni yuleyule. Siku nyingine anakuwa amechoka."

"Fundi akichoka hakati mara mbili, bibi. Analala."

Zeneida alicheka. Viwavi wale walipogeuka vipepeo aliwaweka sambamba mezani, hudhurungi, mgongo wa buluu, ncha nyeupe. Hakuona tofauti hata ya kucha. Akawafungua mlangoni.

Yangeishia hapo, ungekuwa ubishi wa mke na mume tu. Lakini mwaka huohuo Evelio alianza kupotea mwenyewe. Alitia chumvi kwenye kahawa. Alivaa buti la kulia mguu wa kushoto, akatembea nalo hadi adhuhuri akimlaumu fundi viatu. Alimwita paka wao kwa jina la ng'ombe aliyekufa zamani. Zeneida alificha yote hayo jinsi mtu anavyoficha chupi iliyotoboka, na wakati huo hakuona kwamba kuna ubaya wowote.

Mkuu wa stesheni alikuwa Marielos, binti ambaye wao wenyewe ndio waliomfundisha kushika kibano. Alimwita Zeneida pembeni, karibu na pipa la maji.

"Doña Zene, naomba tuongee. Daftari la don Evelio."

"Lina nini?"

"Kiwavi mmoja kaandikwa mara mbili. Na wiki iliyopita siku zote tano ni Jumanne."

"Mzee wangu macho yamechoka."

"Wakubwa wakiona, watasema asiingie tena msituni. Mimi sitaweza kuwazuia."

"Nimekwambia macho."

"Basi mtafutie miwani, doña," Marielos alisema, na hakumtazama usoni.

Evelio aliandika kwa penseli, kwa kuwa wino haustahimili mvua ya kule. Kila Ijumaa Zeneida alihamisha maandishi ya daftari kwenda kwenye kompyuta. Ijumaa hiyo, kabla ya kuhamisha, alitoa kifutio. Alifuta Jumanne nne akaandika siku zake. Alifuta kiwavi aliyejirudia. Alifuta mto uliowekwa mahali ambapo hakuna mto. Na alipofika kwenye "mikato miwili," iliyopigiwa mstari chini, alisita kidogo tu. Jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona, katika daftari la mtu anayeanza kuchanganyikiwa, litawafanya watu waulize maswali. Alifuta, akaandika "mkato mmoja." Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na Zeneida aliijua methali hiyo vizuri, kwa watoto wa wenzake.

Halafu kuna ile siku ya chakula cha mchana. Hiyo ndiyo iliyomkaa kooni kuliko ufutaji wote. Walikuwa mezani, wali na maharage na ndizi za kukaanga, na Evelio akaanza tena habari za mafundi wawili wa guaba, kwa sauti, akionyesha kwa tortila, chapati ya mahindi, jinsi jani linavyokunjwa. Zeneida aliona Marielos anamtazama mzee kwa jicho la daktari. Akaogopa. Akaona heri ligeuke mzaha kabla halijageuka ugonjwa.

"Mwacheni mzee wangu," alisema. "Siku hizi anaona viwili viwili. Hata asubuhi anaona ana wake wawili, ndiyo maana anaamka na furaha!"

Meza nzima ililipuka. Mpishi akapaza sauti kutoka jikoni, "Don Evelio, sahani yako ina ndizi ngapi? Nne? Nimekuwekea mbili!" Evelio naye alicheka, akichelewa kidogo nyuma ya wenzake, akaiweka tortila chini. Mzaha huo uliishi stesheni miezi mingi. Kila aliyepita alimwuliza ana buti ngapi, ana kofia ngapi.

Jioni ya siku ile, njiani kurudi nyumbani, Evelio alisema neno moja.

"Zene. Hata wewe?"

"Hata mimi nini, mzee?"

"Basi. Yaishe."

Hakuutaja tena ule mkato wa pili mbele ya watu. Daftarini tu ndimo alimouandika, wiki baada ya wiki, penseli ikikandamizwa hadi karatasi inatoboka. Zeneida alifuta wiki baada ya wiki, na mlangoni pa banda akawafungua vipepeo, isipokuwa wachache waliobaki kwenye droo kwa ajili ya hesabu ya mwaka.

Mwaka wa tatu walimkuta Evelio kando ya mto, buti zimevuliwa na kupangwa vizuri, akisema anamngoja mama amalize kushona. Baada ya hapo hakurudi msituni. Alikaa nyumbani, kibarazani, na Zeneida alipokuwa kazini, jirani ndiye aliyemwangalia mzee. Majina yalimtoka moja moja. Yalianza ya viwavi, yakafuata ya majirani, na mwisho ukamtoka hata uso wa mkewe. Alianza kumwita doña, kama watu baki, na kumshukuru kwa kila kikombe kama mgeni mwenye adabu. Alimdhania mwanamke aliyeajiriwa kupika. Zeneida angependelea atukanwe.

Mwezi wa tano wa mwaka uliofuata, mvua zilipokuwa zimeshaanza, Marielos alikuja bandani mbio, karatasi mkononi, nywele zimemlowa.

"Kaa chini, doña Zene."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Kaa! Unakumbuka ile miguu mitano niliyoitoa kwenye droo yako mwaka jana? Nilikuwa na vishimo vitano vitupu kwenye sahani, nikaona aibu kuipeleka hivyo. Nikachukua wale wa guaba, wa kujazia tu." Alitandaza karatasi juu ya meza. Ilikuwa na mistari inayogawanyika kama mizizi. "Mitatu imeangukia huku. Miwili imeangukia huku. Tofauti ya herufi ishirini na moja! Hawa si ndugu, doña. Na hawa wa huku hawajawahi kupewa jina na mtu yeyote duniani."

Zeneida aliitazama karatasi. Mitatu huku, miwili huku.

"Sijamaliza," Marielos alisema, akicheka. "Bingwa mmoja wa vipepeo hawa ameniandikia. Anasema miaka yote hii hajaona kumbukumbu safi kama zako. Hazina kosa hata moja! Anataka aina mpya iitwe kwa jina lako."

"Hapana."

"Usijifanye mnyonge. Anachotaka sasa ni maelezo ya kiwavi. Wanatofautianaje? Kwenye kompyuta wote ni mkato mmoja. Nikasema labda kwenye daftari la don Evelio kuna zaidi."

Zeneida aliinuka akaenda kabatini. Alileta madaftari, akafungua moja kwenye namba ya mguu wa kwanza kati ya ile miwili. Karatasi pale ilikuwa imechakaa, ina manyoya, na juu ya manyoya palikuwa na mwandiko wake yeye, mzuri, wa kike, "mkato mmoja." Marielos aliinama. Akapitisha kidole. Akafungua ukurasa mwingine, na mwingine.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Mikato miwili."

"Nani alifuta?"

"Mimi."

Mvua ilipiga bati. Marielos alivuta kiti akakaa, maana sasa yeye ndiye aliyehitaji kukaa.

"Mara ngapi?"

"Kila Ijumaa. Uliniambia wakubwa wakiona watamtoa. Alikuwa anaandika upuuzi, Marielos, anaandika Jumanne tano kwa wiki. Nikasafisha. Hilo nalo nikalihesabu upuuzi."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia nini? Kwamba mume wangu anaharibika? Si ungemtoa?"

Marielos alifikiri, na kwa kuwa alilelewa vizuri hakudanganya. "Ningemtoa," alisema. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeogopa jibu, "Doña Zene, na mengine uliyofuta? Yapi yalikuwa ya ugonjwa na yapi aliyaona kweli?"

"Sijui. Nilifuta yote kwa pamoja."

Hapo ndipo Zeneida alipolia. Alilia kwa sauti, mbele ya mifuko yote ile, kwa ajili ya macho ya Evelio, macho bora kupita yote yaliyopata kutokea katika msitu ule, ambayo yeye aliyapitishia kifutio akidhani anayalinda. Huenda kulikuwa na mafundi wengine. Huenda mto mmoja kati ya ile aliyoifuta ulikuwepo kweli. Hakuna maabara ya Kanada ambayo ingeweza kumrudishia hayo.

"Andika jina lake," alisema alipoweza kusema. "Langu wasithubutu."

"Nitaandika."

"Na mimi nitamwambia. Lazima asikie kwangu. Kuna siku anakuwa na akili zake dakika tano, kumi. Dakika tano zinanitosha."

Asubuhi iliyofuata aliingia msituni mwenyewe, magoti yakimlalamikia, hadi kwenye miti ya guaba kando ya mto. Haikuchukua nusu saa. Kijumba cha kwanza kilikuwa usawa wa macho yake, kivulini, kimekatwa mara mbili na kukunjwa kama bahasha, na chini yake cha pili, na cha tatu. Vilikuwa vimejaa. Mtoto wa shule angeviona, angeambiwa tu atazame. Alikata kitawi kimoja na jani lake, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, akaenda nacho nyumbani badala ya bandani. Hilo pia ni kosa la kazi, lakini siku hiyo hakujali.

Evelio alikuwa kibarazani akipukuchua maharage. Jirani aliaga akaondoka.

"Habari za mchana, don Evelio."

"Nzuri, doña, karibu. Chakula bado. Mke wangu yuko kazini."

Zeneida alikitoa kitawi mfukoni akamwekea mapajani, juu ya maharage.

Mikono ya Evelio ilisimama. Alijifuta vidole kwenye suruali, kimoja kimoja, akalishika jani kwa ncha, akaligeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye ukingo. Uso wake ulibadilika, na moyo wa Zeneida ukaruka, maana aliufahamu uso huo. Ulikuwa wa Evelio mwenyewe.

"Mikato miwili," alisema. "Umemtoa kando ya mto."

"Ndiyo. Kivulini."

"Huyu hapendi jua. Yule wa mkato mmoja ndiye wa juani. Na ukimpulizia, yule hunyanyua kichwa, huyu hurudi nyuma ndani ya nyumba. Halafu hafungi mlango mpaka ajivue ngozi mara ya pili. Umeona? Huu bado wazi, kwa hiyo ni mdogo."

Zeneida alitafuta penseli mkobani na kuandika nyuma ya ile karatasi ya mistari aliyoachiwa na Marielos, upesi upesi. Evelio aliongea bila kukwama, kama zamani, akieleza uzi, mshono, pindo, na alipomaliza akalirudisha jani mfukoni kwa upole na kuufunga mfuko kwa fundo lake lilelile la siku zote.

"Majibu yametoka Kanada," Zeneida alisema. "Ni wawili. Hawana hata ujamaa. Ulisema kweli tangu mwanzo."

Evelio alifumba macho, akacheka kimyakimya, mabega yakicheza. "Nilijua," alisema. "Nilijua mimi."

Zeneida alipiga magoti kwenye saruji. "Nisamehe. Nilikudhihaki mbele ya watu. Nilifuta ulichoandika, chote, kwa mkono wangu. Niliogopa watakuchukua msitu. Evelio, nisamehe mzee wangu."

Evelio aliinama kumtazama, kwa huruma na mshangao, akamshika kiwiko ainuke.

"Inuka doña, utaumia magoti. Wewe hujanikosea chochote. Umeniletea habari njema." Alisita, akatazama huku na huku, akateremsha sauti. "Ila nikuombe kitu. Ukirudi stesheni, mwambie mke wangu. Anaitwa Zeneida, yuko banda la viwavi. Yeye hakuniamini."

Zeneida aliinuka, akajikung'uta vumbi magotini.

"Lakini mwambie pembeni," Evelio alisema. "Usimwambie mezani. Wale watu wanapenda kucheka, na yeye ana haya, hutamjua kwa kumtazama. Mwambie sina kinyongo. Mwambie aje tu nyumbani."

"Nitamwambia."

"Leo?"

"Leo hii, don Evelio."

"Mungu akubariki." Alimpa ule mfuko wa jani, akamfungulia geti mwenyewe, akamwonyesha njia ya stesheni kwa kidole, asije akapotea. Zeneida akatoka, kwa kuwa hakujua la kufanya zaidi ya kutoka. Alipofika kwenye kona aligeuka. Evelio alikuwa amekisogeza kiti hadi ukingoni mwa kibaraza, mahali mvua iliyokuwa imeanza ilimfikia miguuni, na alikuwa akitazama barabara.